Pikapu ya Kubebea Vioo

4 Machi

Kwako mzee uliyekuwa na pikapu ya kijani,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni fundi redio, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na tangu mwaka jana pikapu yako iko uani kwangu. Niliinunua kwa mwenye kiwanda cha matofali, ambaye alikuwa ameigeuza stoo ya magunia. Anwani yako ilikuwa nyuma ya karatasi ya mauziano, akanipa bila kuuliza naitakia nini.

Usiogope, sina malalamiko. Nakuandikia kwa sababu ya waya mmoja tu. Nimeng'oa nyaya zote za gari na kila mmoja nimeubandika karatasi: huu wa taa, huu wa honi, huu wa stata. Ni kazi yangu ya Jumapili. Wenzangu wanacheza karata, mimi nakwangua kutu, na kila mtu ana wazimu wake. Sasa umebaki waya mwekundu. Unaanzia kwenye swichi ndogo chini ya usukani, unapita chini ya sakafu, unatokea nyuma kwenye bodi, halafu unaishia hewani. Miaka thelathini nimefungua redio za watu na sijawahi kukata tamaa na waya, lakini huu umenishinda.

Ulikuwa wa nini, mzee wangu?

Mama Waya
(ndivyo mtaa unavyoniita, wala hawakuniomba ruhusa)

19 Machi

Mama Waya,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta ghorofa ya nne, kwenye kiti cha dirishani, ambapo hunikosi. Binti yangu aliigeuza ile bahasha huku na huku, akaniuliza, "Baba, umefanya nini tena?" Tangu nihamie kwake haijaingia hapa barua yenye jina langu.

Waya ule ni wa kengele. Nilikuwa nabebea karakana ya madirisha vioo. Kioo kikubwa hakilazwi garini, hupasuka. Husimamishwa, na watu wawili wenye glavu hukaa nyuma wamekishika, mmoja huku na mmoja kule, wala hawaoni mbele. Dereva asiposema nao watakwenda chini pamoja na kioo. Mwanzoni nilikuwa naigusa breki mara mbili kuwaonya, ndipo wakanipa jina la Breki Mbili. Baadaye nikaona nitawaua watu wa watu, nikawafungia kengele. Mlio mmoja, kona. Miwili, shimo. Mlio mrefu, jishikilieni na mseme sala. Miaka ishirini na sita, vioo vinne tu vilivunjika, na kimoja kati ya hivyo alikivunja mwenye nyumba mwenyewe kwa kiwiko, akionyesha tukiegemeze wapi.

Mlango wa kushoto hufungwa kwa kuunyanyua kidogo. Usitie bawaba mpya, unyanyue tu, utauzoea.

Masikio yangu yameishia kwenye injini ile, simu siisikii. Kwa hiyo niandikie. Niambie uliikuta katika hali gani. Niambie yote, hata yanayouma.

Breki Mbili

2 Aprili

Mzee Breki Mbili, shikamoo tena,

Nianze na yanayouma. Sakafu ya upande wa abiria haikuwepo. Ukikaa unaona ardhi, na nyasi zilikuwa zimeota hadi kwenye kiti. Kuku wa kiwandani alikuwa anatagia kwenye kasha la dashibodi. Kabureta ilijaa tope kavu la matofali. Nilitaka kukuficha hili la kuku lakini umesema yote.

Sasa ya kufurahisha. Nimechomelea bati jipya chini, nene. Ile dainamo ya zamani nimeitoa nikafunga altaneta, kwa hiyo taa sasa zitawaka vizuri hata gari likisimama, wala si zile taa zako za kuomba radhi. Swichi zote nimeziandika kwa rangi nyeupe. Nimetia redio na spika mbili, kwani utanijuaje kama ni mimi? Na kengele nimeirudisha, mzee. Nimepata moja iliyokuwa ya mlangoni mwa shule. Nilipoibonyeza, jirani yangu alitoka mbio akauliza watoto wametolewa mapema kwa nini.

Bawaba mpya nimeshatia. Mlango unafungwa kwa kidole. Usininunie.

Breki ndizo zinanisumbua. Nikikanyaga, pedali inazama hadi chini. Umeme naujua, lakini mambo ya mafuta na mabomba nabahatisha.

Mama Waya

15 Aprili

Mama Waya,

Nimekununia siku mbili, ya tatu nikachoka.

Breki zina hewa ndani. Mtafute mtu akukanyagie pedali polepole huku wewe ukifungua vile vichuchu vya kutolea hewa kwenye magurudumu, uanze na gurudumu lililo mbali kabisa na pedali. Yakitoka mafuta bila povu, funga. Usiharakishe.

Nakuomba kitu. Ukiandika, usifupishe. Uliandika "nimechomelea bati jipya chini", basi, ukapita. Ulilikataje? Ulianza pembe ipi? Binti yangu hutoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, na katikati ya hapo nabaki na kuta. Si kwamba ananitesa, la hasha. Ananitunza kama yai. Hapendi nishuke ngazi, hapendi nikaange kitu, hapendi nishike kisu. Barua yako naisoma mara ya kwanza kwa haraka, ya pili kwa miwani, na ya tatu nakuwa nimelala chini ya gari pamoja nawe, nimekushikia tochi.

Nimewakumbuka sana watu wangu wa vioo. Mmoja amekufa, mwingine sijui alipo. Gari ndilo pekee ninalojua liliko.

Breki Mbili

20 Mei

Mzee wangu,

Imewaka!

Jumapili, saa nne asubuhi. Breki nilikuwa nimezimaliza kama ulivyonielekeza, pembe ya nyuma kwanza, na jirani wa kengele alinikanyagia pedali huku akilalamika kuhusu mgongo wake. Nikasafisha plagi kwa mara ya tatu. Nikazungusha ufunguo, ikakohoa. Nikazungusha tena, ikakohoa, ikanyamaza, halafu ikashika. Moshi ulijaa ua mzima. Jirani akapiga kelele, "Zima, utatuua!" na mimi nilikuwa nalia kwenye usukani kama mtoto, sitaki kuzima. Umeniambia nisifupishe, basi haya ndiyo yote, pamoja na machozi.

Sasa nikwambie gari hili nalitakia nini, maana sijakwambia bado.

Nyumba ya wazazi wetu imeuzwa. Mama hayupo, baba alitangulia kabla yake. Dada yangu mkubwa ndiye amebaki nayo hadi tarehe 31 Julai, siku ya kukabidhi funguo. Mle ndani kuna kabati la mama. Nilipokuwa na miaka minane nilijificha mle chini, kwenye nafasi ya mashuka, nikaifungua redio ya baba vipande vipande. Nilidhani hakuna anayejua. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba mama alikuwa anauacha mlango wa kabati wazi kidogo, makusudi, nipate mwanga. Hakusema neno hadi nilipoirudishia ile redio ikaimba. Kwa hiyo, mzee, nilisomea ufundi kabatini.

Dada hamwamini mtu wa kukodi, na mimi vilevile. Nataka nikalichukue mwenyewe, kwa mwendo wako ule wa vioo. Nitakwenda mwanzoni mwa Julai. Nikishalileta, kazi ya gari itakuwa imekwisha na sitakusumbua tena na maswali yangu. Umenivumilia sana.

Mama Waya

1 Juni

Mama Waya, mwanangu,

Hongera. Lakini nakusihi usiliendeshe bado.

Kuna jambo ambalo sikukwambia kwa sababu sikutegemea injini ingewaka mapema hivi. Mwaka mmoja gia ya tatu ilisumbua, na spea haikupatikana. Niliifungua giaboksi mwenyewe nikatia kipande cha shaba nilichokichonga kwa tupa. Kilikuwa cha muda tu. Kikikatika ukiwa kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma yatajifunga, na wewe na kabati lenu mtakwenda bondeni.

Giaboksi ishushwe, ifunguliwe, nawe uniandikie kila hatua kabla ya kuendelea na inayofuata. Usimruhusu mtu akuharakishe.

Breki Mbili

26 Juni

Mzee wangu,

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kuutoa ufunguo garini. Nilikuwa nimeshajaza mafuta! Ungeweza kunyamaza, gari si lako tena na mimi si ndugu yako, lakini umeona bora uniambie. Mungu akuweke.

Fundi wa gereji ya kona amekubali kuishusha, ila ana foleni ya magari ya watu wanaomkaripia kila siku, na mimi wa kujifurahisha nipo mkiani. Amesema labda katikati ya Julai. Dada nimempigia simu. Alisema, "Wewe na hilo gari lako! Mtu mwingine angekuwa amekwisha kuja na kurudi." Nikamwambia anayenishauri ni dereva aliyebeba vioo miaka ishirini na sita, akisema gari halijawa tayari, halijawa tayari. Akasema basi atasubiri.

Nisaidie kwa hili: hicho kipande kiko upande gani hasa, mbele au nyuma ya gia ya tatu?

Mama Waya

4 Julai

Mama Waya,

Kiko nyuma yake, kwa ndani, si rahisi kukiona. Fundi asipokiona mara ya kwanza aangalie tena. Na akiwa amekwisha kuishusha si vibaya atazame na difu ya ekseli ya nyuma, ilikuwa na mlio.

Kabati limekaa pale miaka yote, halitakimbia.

Hukuniambia umepaka rangi gani. Bado ya kijani? Hapa jua linaingia saa tatu na kutoka saa tano, halafu ukuta wa jirani unalizuia. Nimeanza kuliita jua hilo barua, kwa sababu nalingoja na linaondoka upesi.

Niandikie.

Breki Mbili

9 Agosti

Breki Mbili,

Fundi wa kona, kwa foleni yake, hakuishusha giaboksi hadi tarehe 2 mwezi huu. Aliiweka juu ya meza, akaipangusa, akainama, kisha akaniita.

"Mama, nani kakwambia hii imewahi kufunguliwa?"

Nikamwambia ni mwenyewe aliyekuwa nayo.

"Basi kakudanganya. Tazama boliti. Rangi ya kiwandani imeziba pande zote, hakuna spana iliyowahi kugusa hapa. Hii tangu izaliwe haijaona mwanga."

Nikambishia. Nilibishana na mtu aliyeshika spana kwa ajili yako. Nikamwambia afungue tu, aangalie nyuma ya gia ya tatu, kwa ndani. Akafungua. Ilikuwa safi, gia zinang'aa, wala hakuna hata chembe ya shaba. Akaniuliza, "Sasa mama, tutafute nini?"

Tarehe 31 Julai dada alikaa kizingitini tangu asubuhi, funguo mkononi, hadi saa tisa. Wenye nyumba wapya walikuwa na haraka. Kabati lile hutolewa kwa kulilaza ubavu na kuanza na miguu. Hawakujua, wala hawakuuliza. Lilipokwama mlangoni wakalipasua kwa shoka. Dada alinipigia simu nikasikia shoka lenyewe.

Tarehe nilikuwa nimekutajia. Niliiandika kwa mkono wangu.

Kama hukutaka mwanamke aendeshe gari lako ungesema. Kama ulikuwa unanicheka, natumaini umecheka vizuri. Sihitaji jibu.

Fundi redio

20 Agosti

Mama Waya,

Umesema huhitaji jibu. Nisamehe, naandika.

Ni kweli. Giaboksi ile sijawahi kuifungua. Hakuna shaba. Difu haina mlio. Gari lilikuwa zima tangu siku uliyoliwasha, na kwa mikono yako limekuwa zima kuliko lilivyowahi kuwa kwangu.

Sikukucheka. Niliposoma kwamba imewaka nilipiga kelele peke yangu hapa dirishani hadi mtu wa ghorofa ya tatu akagonga dari yake kwa fagio. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule wa "sitakusumbua tena". Nikaona kabati limefika kwako, gari limeegeshwa, umefurahi, na mimi nimerudi kwenye kuta zangu. Nikaogopa. Nimewahi kushuka mlima na breki zimekatika, wala sikuogopa namna ile. Nikaandika uongo. Nilijua ni uongo, nilijua na tarehe. Nilijiambia nitakueleza ukweli baada ya barua moja zaidi. Ikaja ile ya kunishukuru, ya Mungu akuweke, nikashindwa kula siku nzima, na bado nikakujibu kwa uongo mwingine.

Watu wawili walikaa nyuma yangu miaka ishirini na sita bila kuona mbele, wakiamini mlio wangu, na sikuwahi kuwadanganya. Wewe nimekudanganya. Mwambie dada yako kosa ni langu, wewe hukuchelewa.

Sijui kabati lile lilikuwa na rangi gani. Nimekuwa nikiliwaza kila siku na sijui hata rangi yake.

Breki Mbili

30 Septemba

Mama Waya,

Sikuandikii ili unijibu. Nimekumbuka kitu cha kweli kuhusu gari na siwezi kukaa nacho.

Breki ya mkono haishiki mlimani. Uani itakuonyesha inashika, barabara tambarare itashika, ila mlimani gari likiwa na mzigo hurudi nyuma taratibu. Waya wake umevutika. Ubadilishwe, na hadi hapo uwe na jiwe la kuwekea nyuma ya gurudumu.

Usiniamini mimi. Muulize fundi wa kona.

Breki Mbili

6 Novemba

Mzee Breki Mbili,

Nilimuuliza. Alilipandisha gari kwenye kile kilima cha nyuma ya gereji, akavuta breki ya mkono, akashuka. Likaanza kurudi nyuma, naye mbio nyuma yake, karatasi zake zikaruka hewani. Amebadilisha waya. Amesema nikwambie kwamba mara hii umesema kweli, na kwamba angependelea kuligundua hilo akiwa bado ameketi kwenye usukani.

Barua zako zote mbili zilinifika. Ile ya Agosti nilikaa nayo wiki nzima bila kuifungua, nimeiweka chini ya redio mbovu. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, nisikufiche. Nikipita kwenye duka la samani naangalia pembeni. Kabati lilikuwa la rangi ya chai ya rangi, na miguu yake ilikuwa imeliwa na miaka ya kudeki. Sasa unajua.

Nimekwenda kwa dada, kwa gari. Safari ya saa tano nimekwenda kwa saba. Dada alitoka nje, akalizunguka, akafungua ule mlango wa kushoto, akaufunga kwa kidole, akaufungua tena. Hakusema habari ya kabati. Tukakaa ndani ya gari, redio imewashwa, tukazungumza habari za mama hadi betri ikaanza kuchoka. Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, na kila nilipofika kwenye shimo kidole kilikwenda kwenye kengele. Nilipiga miwili, nyuma hakuna mtu. Hapo ndipo nilipokukumbuka kwa nguvu, nikakasirika upya kwa kukukumbuka.

Sasa sikiliza. Hiyo sentensi ya "sitakusumbua tena" niliiandika kwa adabu. Mtu aliyemsumbua mwenzake miezi mitatu husema hivyo ili mwenzake amkatalie. Niliingoja barua ya Juni nikitegemea utaniambia, "Nani kasema unanisumbua?" Maneno matatu, mzee. Ungeyaandika hayo, Julai ningekwenda kuchukua kabati, na Agosti ningekuandikia namna tulivyolitoa mlangoni. Mimi pia nina kuta. Zangu zimejaa redio, lakini redio haiulizi ulianza pembe ipi. Tangu Agosti mleta barua amekuwa akipita na mimi natoka mlangoni kumkaripia kwa kosa ambalo si lake.

Siji kwako kwa sasa, usimwambie binti yako ajiandae. Siku nitakayokuja nitakuwa nimemaliza kukasirika, na sijui ni lini.

Rangi ni ya kijani bado. Niliichanganya mwenyewe, nikaanza pembe ya nyuma ya kulia, kwa brashi nyembamba, nikaenda mbele. Gari ni zima. Hakuna kitu cha kufunguliwa, hakuna cha kunionya. Niandikie hivyo hivyo.

Mama Waya